Maneno Niliyomwongezea Mama

Dada mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ungali mzima, wewe na shemeji na wale wanangu wawili, ambao nasikia sasa wanavaa viatu vikubwa kuliko vyangu. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila likishachangamka hakuna wa kumshika. Barua yako niliipata Jumanne ya wiki iliyopita, nikaisoma nimesimama mlangoni, funguo bado mkononi. Umesema utanitumia zile barua ishirini na moja alizokuandikia Mama miaka ile, ili niziweke kwenye kitabu chake. Naomba usizitume kwanza. Sababu nitakueleza humu humu, na nimeamua kuandika kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Kwanza habari za kazi, maana uliuliza kama kweli mtu anaweza kuishi kwa kuandika hadithi za wenzake. Anaweza, mradi asiwe mtu wa makuu. Tangu niliache dawati langu kwenye kampuni ya bima, nilikokuwa nawaandikia watu kwa adabu kubwa kwamba madai yao yamekataliwa, nimepanga chumba juu ya duka la miwani. Kina meza moja, viti viwili, na dirisha ambalo ukilifungua halifungiki tena mpaka aje mtu mwenye nguvu. Wateja hupanda ngazi wakiapa kwamba hawana la kusimulia. Saa moja baadaye chai imepoa na hawajatoka darasa la pili.

Mteja wangu wa tatu alikuwa fundi viatu mstaafu, mtu wa maneno machache, aliyetaka kijitabu cha maisha yake kwa ajili ya watoto wake. Aliniambia kwamba siku ya mwisho ya kazi alifagia kibanda, akafunga mlango, akaenda nyumbani kulala. Mimi nikaona haitoshi. Kwenye karatasi nikamliza, nikamfanya aibusu nyundo yake, na mvua juu yake nikainyeshesha. Nilipomsomea alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akasema huyo mtu anaonekana mwema sana ila yeye hamfahamu. Kisha akaniuliza kwa upole kama watoto wake wakisoma watajua ni baba yao. Dada, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu. Kila ukurasa namsomea mwenyewe kwa sauti, na sentensi asiyoitambua naikata mbele yake, hata kama ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kijitabu cha fundi kilitoka na kufagia kwake, kufunga kwake na kulala kwake. Binti yake alipanda ngazi kuja kuniambia kwamba alipokuwa akisoma alimsikia baba yake akiongea. Nilicheka peke yangu siku nzima kwa furaha.

Habari zikamfikia Mama. Akasema kama fundi viatu ana kitabu, naye anataka chake, na nisithubutu kumweka foleni. Basi kila Jumamosi anakaa kwenye kiti cha wateja, pochi mapajani kama aliyeitwa na daktari, ananisimulia. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika mwaka mliogombana wewe naye kwa ajili ya shemeji, ukaondoka bila kuaga, umebeba sufuria yake kubwa. Hapo kalamu yangu ikagoma.

Dada, maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga. Unakumbuka kwamba Mama hakujua kusoma, na kwamba mimi, mtoto wa miaka kumi na moja, ndiye niliyemsomea barua zako na kukuandikia majibu. Majibu yale hayakuwa yake. Yeye alikuwa akisema nikwambie amesikia. Siku nyingine, nikwambie huku mvua imenyesha. Basi. Nikaogopa kwamba ukipata hayo tu hutarudi kamwe, na kila nilipoona kitanda chako kimetandikwa nililia. Kwa hiyo nikaandika kwamba chakula hakimpandi, kwamba anakuombea, kwamba amekusamehe. Mwaka wa tatu ulipotokea mlangoni na shemeji, uliletwa na maneno yangu. Mlinibandika jina la Kasuku kwa ajili ya mdomo wangu, lakini kasuku angalau hurudia alichosikia. Nisamehe, dada yangu. Ukiamua barua hizo zisiingie kitabuni, nitaelewa.

Jumamosi iliyopita nilimwungamia Mama. Nilitegemea radi, yeye akacheka mpaka machozi. Akasema kusoma hakujua, lakini macho alikuwa nayo: yeye anatamka maneno mawili, mimi kalamu inakimbia mpaka nageuza karatasi. Alijua najaza yale yaliyomshinda kuyasema, na ndiyo maana hakuniuliza hata siku moja nimeandika nini. Stempu alizilamba mwenyewe, na posta alikwenda mwenyewe kwa miguu. Nikamuuliza kama yale niliyoongeza yalikuwa kweli. Akaniambia niache maswali ya kijinga.

Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikamwomba safari hii aseme mwenyewe, nami sitaongeza hata nukta. Akavutavuta mkanda wa pochi, kisha akasema hivi:

“Mwambie nimesikia. Mwambie zile barua ni zangu, ziingie kitabuni, lakini azilete mwenyewe. Chumba chake nimekipaka rangi. Aje na mume wake na watoto. Na sufuria yangu airudishe, mimi nitawapikia kwenye nini?”

Nimemsomea. Hajakata neno. Ameniomba bahasha, na stempu uliyoiona kwenye barua hii ameilamba yeye.

Nisalimie shemeji, na wanangu uwabusu hata wakikataa.

Mdogo wako,
Kasuku