Siku Baba Aliyosahau Kubonyeza Saa

Mtaa wa San Esteban,
Camagüey, Cuba.
14 Machi 2019

Mpendwa kaka Reinerio,

Hujambo huko Madrid? Wifi na mtoto hawajambo? Baridi imepungua? Sisi tu wazima wa mwili, ila moyo wangu mzito.

Jumapili Baba alishiriki mashindano ya chesi ya haraka pale klabuni. Nilimkataza, akanuna mpaka nikamtolea shati jeupe. Alipangiwa Osniel, yule kinyozi wake aliyefundishwa chesi na Baba mwenyewe na hajawahi kumfunga hata mara moja.

Alianza kwa mbwembwe. "Kinyozi, leo nakunyoa mimi!" Watu wakacheka. Akamla malkia, akamsukuma mfalme pembeni. Zilibaki hatua mbili tu amalize. Akacheza ya kwanza, kaka, nzuri ajabu! Kisha hakubonyeza saa kusimamisha muda wake. Akatulia, macho dirishani, dakika zake zikiyeyuka.

"Mzee Evelio, saa," Osniel akanong'ona.

Baba akaendelea kutazama nje.

"Basi tutoke sare, mzee wangu?"

Hapo akazinduka. "Sare na wewe? Labda nikishazikwa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka, nikidhani amerudi. Lakini mkono wake ulibaki mapajani. Osniel alikuwa akinyoosha wake amlaze mfalme, akubali kushindwa, saa ikamtangulia. Mwamuzi akatangaza kwamba Baba amepoteza kwa muda. Hakuna aliyepiga makofi.

Baba akasimama, akampa Osniel mkono kwa adabu zake zote. "Unacheza vizuri, kijana. Nani alikufundisha?"

Osniel akatoka nje, nikamkuta amejiinamia ukutani, analia kama aliyefiwa.

Daktari anasema ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma. Jana Baba aliniita kwa jina la marehemu Mama, nikaitika. Ningefanyaje?

Najua kazi yako haikupi nafasi, na sikulaumu. Lakini njoo, kaka. Usingoje Desemba. Wewe bado anakutaja kwa jina.

Nisalimie wifi Maite na mpwa wangu Unai. Shangazi Caridad anakusalimu sana. Mungu akufungulie njia, akufikishe ukiwa salama.

Ni mimi dadako akupendaye,
Idalmis