Nailoni Uliyomletea Mama

Wafula, kaka yangu,

Sikuulizi habari za huko. Mimi bado niko Turkana kambini, nachota tope la visima vya mafuta pale pale ulipokuwa ukisimama. Nimevaa buti zako. Zinanibana, lakini zangu zimeliwa na hilo tope.

Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na wewe pia umo.

Unakumbuka msimamizi alipotugawia ile nailoni nyeusi iliyokuwa imetandikwa ndani ya shimo la tope? "Osheni, mkaanikie mahindi. Si nyinyi watu wa Bungoma ni mahindi tu?" Tukacheka. Ukaikunja, ukaibeba hadi Kitale, hadi kwetu Bokoli. Mama akaimba. Majirani wakaja kuiazima.

Na siku ya kwanza kazini tulikuwa tumesomewa sheria: tope na nailoni yake vipelekwe mahali penye leseni, visiguse maji wala chakula. Lakini lori la kuvipeleka ni gharama. Mama yetu ni bure.

Siku ya kukuzika mvua ilikuwa imenyesha, wakaitandika uani waombolezaji wakae. Msimamizi alikuja na mikate. Alipoiona akasimama. Kisha akazunguka, Wafula, akapita kwenye matope na viatu vyake vya ngozi, asiikanyage. Mama akamwita, "Pita hapa baba, ni safi." Akasema, "Niko sawa, mama."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua.

Nimempigia mama simu mara nyingi. Nikimwambia ina sumu ananijibu, "Si ni Wafula aliniletea?" Umekufa na bado anakusikiliza kuliko mimi! Juzi alianika mahindi juu yake tena. Ugali huo wanakula watoto wako.

Nikiichoma, moshi utawaingia. Nikiizika, kisima kiko hapo chini. Kwa hivyo Jumamosi nikienda likizo nitaichukua nirudi nayo kambini, hata mama akilia, nimwachie turubai mpya kutoka Kitale. Wakaguzi wa mazingira wakija huku huonyeshwa shimo lililofagiwa. Safari hii nitaitandika nailoni langoni mbele ya gari lao, nimwite msimamizi: "Pita hapa baba, ni safi." Wakinifuta, wanifute.

Lala sasa, kaka. Mama atanichukia kwa muda. Wewe baki yule aliyemletea zawadi. Hiyo sitakunyang'anya.

Ndugu yako,
Simiyu