Mwanamke wa Uwanja wa Ndege za Kivita

Mama, mwidiwe! Nakusalimu kutoka mbali. Mwanao ni mzima, ila baridi ya huku Uholanzi inaingia hadi kwenye mifupa.

Jana jeshi liliwafungulia wananchi uwanja wake wa ndege za kivita, nikaenda na kamera kupiga picha za masomo. Watu walikuwa wanakula chipsi, watoto wamepanga foleni wakae kwenye kiti cha rubani. Mara ndege moja ikapita chini sana, masikio yakaziba. Mwanamke wa Kiafrika aliyesimama kando yangu akajitupa kwenye matope na kumlalia mtoto wake. Mama, nilimpiga picha hata kabla sijafikiri.

"Usinipige foto, kaka," akasema kwa Kiswahili cha Kongo. "Kwetu hii ikipita, watu wanakufaka."

Nikaifuta mbele yake, nikamwinua. Alipojua natoka Kasulu akaanza kulia. Aliishi kwenye kambi ya wakimbizi hapo kwetu miaka mingi, na kifungua mimba wake, Esperansi, amezikwa huko, upande wa mikaratusi. Akaomba mtu aende kung'oa majani juu ya kaburi.

Nimemwahidi utaenda wewe. Sikuthubutu kumwambia kwamba nilipoondoka watu walikuwa wameanza kulima mihogo upande ule. Ukikuta pamelimwa, usinifiche. Nitakwenda kumweleza mwenyewe, ana kwa ana.

Mungu akulindie miguu yako njiani, mama yangu.

Mwanao,
Yohana