Nilivunja Kadena, Gaëlle Akafungiwa Mitihani

Mama Blandine mupendwa wa gazeti, nisaidie, siku ya ine sasa machoni ya rafiki yangu siwezi kuangalia. Minye ni Josée wa Shituru, niko munafunzi wa mwaka wa tatu hapa Likasi, kwetu tuko batu kenda mu vyumba viwili, meza ni moja na mama anachambulia mboga ya lengalenga juu yake, basi kusoma kwangu ni ku université, na ku université nafasi hakuna, bibliothèque, nyumba ya vitabu, iko na viti makumi mbili na sisi tunapita mia nane, wengine tunasomea ku ngazi, wengine nyuma ya vyoo, mvua ikinyesha tunafunika makaratasi na matumbo yetu. Na kuko chumba kikubwa, meza mupya, taa zinawaka, lakini mwaka muzima kiko na kadena, kufuli ya chuma, banasema ni cha wageni, na mugeni hatujaona hata mumoja.

Nikamuendea Papa Évariste, mwenye kushika funguo. “Papa, tufungulie, mitihani ni kesho kutwa.” Akanijibu: “Weye uko mugeni? Enda usomee kwenu.” Nikawaka, Mama. Nilichukua jiwe, nikapiga kadena mpaka ikakatika, tukaingia batu makumi tatu, tukasoma mpaka jioni, tukafagia, tukatoka. Lakini rafiki yangu Gaëlle alisahau cahier yake, daftari yenye jina lake, juu ya meza. Asubuhi bakubwa ba université bakamuita, bakasema ni yeye alivunja, bakamukatalia mitihani yote. Anajua ni minye na hakunitaja. Aliniambia tu: “Weye uko na bourse ya paroisse, padri ndiye anakulipia masomo, bakikufukuza umekwisha.” Na minye nikanyamaza, nikaingia, nikaandika mutihani, kiti yake pembeni yangu iko wazi. Nifanye nini?

Josée K., Shituru

Josée,

Hasira yako ni ya haki. Meza mpya zimefungiwa na watoto wa watu wanasomea nyuma ya vyoo! Mwenye kuamua hivyo ndiye angepaswa kukosa usingizi, wala si wewe.

Lakini sasa nakugeukia. Mbele ya kadena ulikuwa na nguvu ya watu kumi. Mbele ya kiti cha mwenzako, ilienda wapi? Gaëlle alikupa mwaka wake wa masomo, nawe ukaupokea kama glasi ya maji. Usiniambie hujui la kufanya. Unajua. Ulitaka nikuambie ngoja kidogo, na mimi sisemi hivyo.

Andika barua leo kwa wakuu wa université: ni mimi nilivunja, Gaëlle hakugusa. Usilie ndani yake. Kadena mpya umpe Papa Évariste mkononi. Halafu watafute wale thelathini, mmoja mmoja, watie sahihi, maana wote walikalia viti vile. Juu ya sahihi zao andikeni swali moja: wageni wa chumba hiki ni nani, na wanakuja lini? Padri wa bourse aambiwe na wewe, uso kwa uso, asisikie sokoni. Wakikufukuza, njoo kwangu, tutakwenda pamoja kuwauliza.

Uliniandikia kwa jina lako na hukuomba nilifiche. Sitalificha. Jibu hili nimekutumia nyumbani kwanza. Gazeti linatoka Ijumaa, barua yako ikiwa ndani. Uwe umesema mwenyewe kabla. Na kabla ya ofisi yoyote, pita kwa Gaëlle.

Mama Blandine