Msitu wa Suji Umenishinda

Dada Zaina, shikamoo. Suji kuna baridi hata mchana, sweta uliyonifumia siivui.

Jana nilisoma mkutanoni agizo la ofisi yetu: msitu ulio juu ya bwawa la kumwagilia ukatwe, yapandwe mahindi ya ujamaa. Wanakijiji wakapiga kura. Upande wangu alikuwa mwenyekiti peke yake, na ndiye aliyeandika kwamba agizo limekataliwa, akagonga mhuri bila kununa.

Bibi mmoja akanijazia bakuli la makande. "Tumekushinda, bwana shamba," akasema, "lakini maji ya msitu huu utakunywa nasi."

Jumatatu nateremka Same na uamuzi wao. Niombee, dada yangu, ingawa hofu sina. Wakubwa wakifoka, nitawaambia wapande Suji wakaulize wenyewe. Makande yapo.

Mdogo wako akupendaye,
Rashidi