Niliipasua moteri ya Chevrolet ya papa, na maman bado anaisubiri

Mshauri wetu, kwa kawaida naandikia magazeti ili kugombana na watu, lakini mara hii nimekwama na nahitaji mtu asiye wa familia aniambie nifanye nini.

Marehemu papa, Télesphore, alituachia Chevrolet ya mwaka 1957, nyeupe na kijani, ambayo watu wa umri wangu hapa mtaani Nguba, Bukavu, wote wanaikumbuka. Mwaka ule wa vita, 1996, aliitoa magurudumu yote manne akayatupa ziwani ili wenye bunduki wasiichukue, akaiweka juu ya matofali uani, na tangu siku ile haikutoka tena, ila kila Jumapili baada ya misa aliiwasha kwa robo saa, ikawa inanguruma palepale bila miguu, na maman Eulalie akiwa jikoni anaisikiliza, na hata wageni walijua kwamba wakati huo hakuna anayezungumza. Papa alipofariki nilirithi kazi hiyo ya Jumapili, na hapa ndipo aibu yangu inapoanza, kwa sababu siku moja maman akiwa amebaki kanisani na wenzake niliiwasha bila kupima maji, simu ikalia, nikaenda kubishana siasa na rafiki nusu saa nzima, na niliporudi uani palikuwa pamejaa moshi na moteri imepasuka ubavuni. Nilimwambia maman kwamba essence, yaani petroli, inakosekana mjini. Nimemwambia hivyo kila Jumapili kwa miezi minane.

Sasa dada yangu Francine anafunga ndoa mwisho wa mwezi ujao, na maman amewatangazia wakwe na kundi lake lote la wamama: "Mutu asiniletee gari ya kukodi! Mutoto wangu ataenda na gari ya papa yake. Nitaisikia ikinguruma, nitajua Télesphore iko nasi." Basi alipoenda Mudaka kuvuna maharagwe, fundi Murhula alitoa moteri ya zamani na kuweka ya dizeli kutoka jeep ya Kijapani iliyopinduka barabarani, pamoja na gia zake na magurudumu yake mapana, ikabidi akate kidogo mabati ya pembeni ili yasiguse. Kwa kazi yenyewe siombi msamaha, ni nzuri. Tulipanda nayo mlima wa Muhungu tukiwa watatu, ikapanda kama inaitwa huko juu, watu wakatupigia makofi kando ya barabara, nikashuka taratibu kwa gia ya kwanza hadi nyumbani, nikaifunika turubai.

Murhula anacheka tu: "Maman atajua wapi? Moteri ni moteri! Hii iko na nguvu ya kupandisha hata kanisa yenyewe." Francine naye ameanza kuniuliza mimi kaka yake, "Yaya, uko unaficha nini chini ya ile bâche?" Maman amerudi kutoka Mudaka juzi, ana furaha ambayo sijaiona tangu tumzike papa. Je, nimwambie sasa na kumharibia arusi ya binti yake, au ninyamaze mpaka siku ipite?

Modeste, Nguba

JIBU

Modeste, tuanze na unachotaka kusikia. Kubadilisha moteri si kosa. Wapo wazee mjini hapa, na wasomi wenzangu pia, wanaoamini kwamba gari la zamani lazima lioze na vyuma vyake vyote vya kuzaliwa, la sivyo limetiwa unajisi. Upuuzi! Wenyewe wana meno ya bandia na bado tunawaita papa fulani. Baba yako alitupa magurudumu manne ziwani ili abaki na gari. Yeye angekuelewa kabla ya wote.

Pongezi zinaishia hapo. Umenieleza moteri, gia, magurudumu, hata mabati yaliyokatwa. Neno breki sikuliona popote. Tena unasema ulishuka Muhungu kwa gia ya kwanza. Kwa nini? Dereva anayeziamini breki zake hashuki hivyo. Mguu wako ulijua jambo ambalo kalamu yako imekataa kuandika: umepachika moteri nzito na magurudumu makubwa juu ya breki ambazo kwa karibu miaka thelathini hazijasimamisha kitu.

Huu ndio ugonjwa wa Bukavu. Mji mzima ni milima, na kila mwenye gari anauliza kama litapanda. Nani amewahi kupigiwa makofi kwa kushuka salama? Na arusi zetu unazijua: bi arusi ndani, maman yako ndani, tante watatu, shangazi zako, wamejilazimisha kuingia, mpiga picha amekalia dirisha, honi zinalia, na gari la mbele linasimama ghafla kwa sababu ndugu wa bwana arusi ameamua kucheza barabarani. Hapo nguvu ya kupandisha kanisa itakusaidia nini?

Murhula atoe breki za ile jeep pia, za mbele na za nyuma, azifunge kwenye Chevrolet, na usukani aukague. Akisema haiwezekani, tafuta fundi mwingine. Kisha jaza mifuko ya mchanga yenye uzito wa hao tante, shuka Muhungu peke yako alfajiri, barabara ikiwa tupu, usimame mara tano. Ikishindwa hata mara moja, Francine anaenda na gari la kukodi, na Chevrolet inabaki mlangoni na maua yake, watu wapige nayo picha. Jibu liwe limepatikana wiki moja kabla ya arusi. Hapo usinibishie.

Sasa maman yako. Unaogopa kumharibia furaha. Utamharibia zaidi utakapowasha dizeli mbele ya wakwe, yeye ameinamisha kichwa anasikiliza. Atajua kwa sekunde moja, na hataweza hata kukugombeza kwa sababu wageni wamesimama. Huo ni ukatili, na wewe unauita zawadi. Murhula anajua vyuma. Habari za wajane usimuulize.

Hukuniambia moteri ya zamani iko wapi. Kama bado iko kwa Murhula, ikimbilie leo hii kabla haijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Irudishe uani. Mwite maman, mpe kiti, mwonyeshe ule ufa kwa kidole chako. Usimtaje fundi, usitaje simu. Sema: "Maman, niliiua mimi, na miezi minane nimekudanganya." Kisha funga mdomo, najua kwako ni kazi ngumu, na uusubiri uamuzi wake hata ukichukua siku tatu. Akikubali kupanda, mweleze na Francine yote, na utakuwa umebeba watu wawili wanaojua wamepanda nini. Akikataa, utamtafutia gari analolitaka yeye, na utaliendesha mwenyewe.