Helikopta ya Bibi wa Zombo

Shangazi, shikamoo. Furahi, ukoo wetu umepata rubani! Nimeendesha helikopta kutoka Zombo hadi Mikumi, njia nzima watu wananipungia mikono.

Tuliikuta shambani kwa bibi mmoja, kutu tupu. Sisi wajitoleaji wa makumbusho ya ndege za zamani injini tunayo, bodi ndiyo tumeitafuta mpaka tukachoka. Tukamwomba atupe, bibi akakataa, maana kuku wake alikuwa amelalia mayai kwenye kiti cha rubani.

"Bibi, hii ni historia ya nchi," nikamwambia.

"Kwangu ni banda. Mkimtoa akayasusa mayai, mtayalalia nyie?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikatoa wazo: tuichukue na kuku wake humo humo, asiguswe, akishatotoa tumrudishe na vifaranga. Bibi akanitazama weee, akasema, "Basi wewe ndiye utakayemlinda."

Tumefika, hakuna yai lililopasuka. Huku ni mvua na pilau la moto. Pole na goti, Shangazi wangu, nakupenda kuliko wali wa nazi.

Ila sikuendesha kitu. Helikopta ilipakiwa kwenye lori la fuso, kuku akakaa kiti cha rubani, mimi nikamshikia mwavuli.